Ofu ya Mama Abel

Jumatatu, 9 Juni

Mume wangu Makoye kamaliza zamu mgodini Bugarama, kaja nyumbani Nyasubi, kaanza ofu, siku zake za mapumziko. Kaoga, kala, kalala. Mama mkwe akatangaza nyumba nzima inyamaze, baba anapumzika. Hata jogoo kafukuzwa uani! Mimi nikakatazwa kutwanga karanga karibu na dirisha.

Wiki iliyopita nilipimwa zahanati. Presha iko juu. Nesi Loveness akaniambia nipumzike, nisifanye mchezo. Nikamweleza Makoye. Akasema sawa kabisa, afya kwanza. Kisha akanikabidhi ovaroli zake nifue.

Nimefua kwa hasira mpaka kifungo kikang'oka. Mgodi unampa yeye ofu. Ya kwangu anatoa nani? Naamka kukanda unga kabla hata muadhini hajaamka, nauza chapati barazani nipate ada ya mwanetu Abel aliye bweni, nafua, napika, namkanda mama mkwe magoti.

Kuomba siombi. Nikiomba nitafanana na Wifi Dorah, dada yake Makoye, jirani yetu ukuta kwa ukuta. Kila mchana anatandika mkeka mlangoni na kulala kinywa wazi, wateja wangu wote wakimwona. Nilipomuuliza haoni aibu, akanijibu kuwa amechoka. Basi! Eti amechoka! Kama vile kuchoka ni ruhusa.

Mimi nitapumzika kwa akili. Kesho naumwa malaria.

Jumanne, 10 Juni

Malaria ilianza vizuri. Nilitetemeka, nikajifunika blanketi, nikakataa uji. Makoye akaogopa kweli. Nikafumba macho. Raha!

Haikudumu. Mama mkwe akamwambia Dorah, Dorah akamwambia Mama Gregory, mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa, na jumuiya nzima ikahamia sebuleni kwangu. Wakaimba. Wakasali. Wakakaa. Walipokaa sana, mama mkwe akaja kitandani akaninong'oneza, "Mayu, mama, wageni watakunywa nini?"

Nikaamka. Ningefanya nini? Nikabandika chai, nikakaanga maandazi na blanketi mabegani. Mama Gregory akala, akala tena, kisha akasimama kutoa ushuhuda kwamba ugonjwa umekimbia mbele ya macho yao. Wakapiga vigelegele. Wakaomba maandazi ya kubeba nyumbani.

Nimeosha vikombe nikiwa nimepona. Dorah alikuwa amelala.

Jumatano, 11 Juni

Kosa la jana nimelijua: nilibaki nyumbani. Mtu akitaka kupumzika lazima atoke. Na mwanamke mwenye mume hatoki ila kwa msiba.

Nikamuua shangazi yangu wa Masumbwe. Sina shangazi Masumbwe. Nina rafiki, Mariana, ana chumba chenye feni na hapendi maongezi. Nikalia kidogo pale jikoni. Nikasema nitaondoka kesho, nitakaa huko mpaka matanga yaishe.

Makoye akasema pole mke wangu. Hapo ningeshinda! Lakini mama mkwe akaanza kulia kuliko mimi. Akasema alimpenda sana shangazi huyo. Alimwona wapi?

Alhamisi, 12 Juni

Nilipofika stendi nikawakuta wamenitangulia. Mama mkwe na kitenge cha msiba. Dorah na mkeka wake. Mama Gregory na wanakwaya. Hata Makoye, kawabebea mizigo. Wakasema hawawezi kuniacha niende peke yangu, na kwamba nitawapikia nikifika, maana wenyeji watakuwa na majonzi.

Nikaweka simu sikioni, nikapiga kelele, "Nini? Amezinduka?"

Shangazi nimemfufua mbele ya kondakta. Mama Gregory akaanguka magoti akasema ni muujiza wa pili wiki hii katika familia moja. Wakaimba tena, palepale kati ya mabasi. Makoye peke yake hakuimba. Aliniuliza watu wa kwetu wanatangazaje msiba bila kumgusa maiti.

Tumerudi wote. Nimewapikia wote.

Ijumaa, 13 Juni

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umefungwa bandeji.

Asubuhi nilikuwa nageuza maandazi. Karai likawa mawili, kisha giza. Nilipofumbua macho nilikuwa zahanati, mkono unawaka kama mtu kanimwagia moto. Dorah ndiye aliyenivuta kutoka kwenye mafuta. Alikuwa hajalala! Alisema tangu jana hapendi rangi ya uso wangu, akawa ananichungulia. Vidole vyake navyo vimeungua.

Nesi Loveness akapima presha, akavua miwani, akamgeukia mume wangu.

"Baba Abel, wewe ukitoka zamu unafanya nini?"

"Nalala, nesi. Kazi ya mgodi nzito."

"Ukifanya bila ofu?"

"Hairuhusiwi. Nitaangusha gari, nitaua watu."

"Huyu wako ameanguka. Ingekuwa uso ndani ya mafuta, tungekuwa tunaongea habari nyingine."

Nikamwona Makoye anajifuta macho na kofia yake ya kazi. Akanishika mkono mzima, akasema, "Nilikuwa nakuona, Mama Abel. Nilidhani ndivyo ulivyo tu." Na mimi nikalia, si kwa moto. Kwa nini hakuona mapema? Nililia kwa hasira mpaka Loveness akaniambia presha inapanda upya.

Jumamosi, 14 Juni

Kitandani kwa amri. Makoye kasonga ugali, mama mkwe kafagia uwanja, Dorah kashika chapati zangu, vidole vyake vimefungwa vitambaa.

Nilipaswa kufurahi. Nimesikiliza dirishani! Makoye anasugua sufuria yangu nzuri kwa mchanga. Mama mkwe anafagia vumbi kuelekea ndani. Na mteja, nimemsikia kwa masikio haya, kasema chapati za leo laini. Laini! Za Dorah! Anayelala mchana!

Nikatoka kwa nyuma kukagua unga. Dorah akaniona. Hakupiga kelele. Alitandika mkeka wake, akaupigapiga kwa kiganja, akasema, "Njoo hapa wifi, lala. Si lazima uumwe ndiyo ulale."

Nikamjibu kwamba unga wake una chumvi kidogo.

Jumapili, 15 Juni

Loveness kaja kunibadilisha bandeji. Anasema wanawake wa Nyasubi wanaangukaanguka kama mimi na kuletwa zahanati kwake. Keshokutwa anawakusanya kanisani, wakae, wanyooshe miguu, waongee juu ya kujitunza. Ananiomba niwe shahidi. Nikae tu mbele niseme yaliyonipata. Makoye kafurahi, kasema atanipeleka kwa pikipiki na kunisubiri.

Nimekubali. Nikauliza nani anapika. Loveness akasema kila mtu atakuja na kitu chake, au Mama Gregory ataleta mihogo.

Mihogo ya Mama Gregory! Mbele ya akina mama wote! Wageni wakae wapumzike huku wanatafuna mizizi! Nimemwambia Loveness asihangaike. Pilau, maharage ya nazi, chapati na chai ya tangawizi, vyote ni juu yangu. Mkono mmoja unatosha kukoroga. Makoye kaanza kusema kitu, nikamwambia akalale, ofu yake inakwisha.

Wao waje wapumzike vizuri. Ole wake atakayegusa sufuria!