Risasi Hamsini za Emil Hrabovsky na Kengele ya Bwana Pruitt

Sogeeni, enyi mliofukuzwa kazi kwa karatasi ya mstari mmoja, nanyi mlioambiwa kwamba mikono yenu imepitwa na wakati. Sogeeni mketi, na mwenye kukohoa akohoe sasa amalize, kwani inasimuliwa habari ya vita vilivyopiganwa katika bonde la Coulter, magharibi ya Pennsylvania, Jumamosi ya tatu ya mwezi Mei, baina ya Emil Hrabovsky, Mmimina-Risasi, mwana wa mchoma chuma, mjukuu wa mchimba makaa, na kijipande cha risasi chenye pua bapa kilichokataa kuingia mtutuni. Wapo watakaosema ni jambo dogo. Hao ndio waliosema kufungwa kwa kinu cha chuma ni jambo dogo, na majina yao tunayo.

Kwanza silaha, na nasaba yake. Emil alikuwa na kalibu ya chuma ya kumiminia risasi, nayo ilichongwa na marehemu Stush Wojcik, fundi mashine, kwa chuma cha kampuni, kwa mashine ya kampuni, katika saa za kampuni, ikatoka getini ndani ya kopo la chakula chini ya kabichi na tambi. Mwaka wa themanini na sita kinu kilipofungwa na pensheni za watu zikayeyuka, kalibu hiyo ndiyo mali pekee iliyowahi kurudi kwa wafanyakazi. Stush alipokuwa anakata roho alimwachia Emil. Naye Emil akayeyusha vile vipande vya madini ya risasi ambavyo mafundi hubandika kwenye rimu ili gurudumu lisiyumbe, akamimina, na kila kilichotoka kilikuwa na pua bapa kama kidole gumba kilichokutana na nyundo. Kilipoigonga sahani ya chuma, ile shabaha ya kuangushwa uwanjani, sahani ilianguka chali kama meneja aliyesikia neno mgomo.

Kama kilifika kuigonga. Hapo ndipo penye msiba. Bastola za siku hizi hujilisha zenyewe: zikishatema ganda tupu, huisukuma risasi inayofuata kutoka kwenye magazini, kile kisanduku cha risasi, ipande kingazi kidogo cha chuma, iingie mtutuni. Risasi ya dukani, yenye pua ya mviringo, huteleza kama mwana wa tajiri anayeingia chuo. Ile ya Emil ilifika mlangoni ikakwama, nusu ndani nusu nje, kama sofa.

Na katika uwanja wa shabaha wa Coulter ilikuwapo desturi ya tangu zamani: bastola ikikwama, hupigwa kengele ya ng'ombe iliyotundikwa kwenye nguzo. Mpigaji alikuwa katibu wa klabu, Garland Pruitt, Mshika-Saa, yule yule aliyekuwa msimamizi kinuni, aliyesimama na saa mkononi mbele ya mlango wa choo akiandika dakika za wanaume wazima. Mwezi wa Aprili kengele ililia kwa Emil mara kumi na tisa.

"Emil!" akaita Pruitt, kamba mkononi. "Leo umekuja kupiga shabaha au kuchunga ng'ombe?"

Watu wakacheka. Emil hakucheka, bali aliandika moyoni, mahali ambapo yale ya choo bado yalikuwa hayajafutwa.

Katika mkutano wa klabu Pruitt akasimama, akajikohoza, akanena: "Ndugu wanachama, tunachelewa kwa sababu ya wachache. Napendekeza sheria. Siku ya sahani, kila mtu atumie risasi za dukani. Hizi za kupika nyumbani zibaki nyumbani."

Wazee kumi na mmoja walioketi benchi la nyuma wakainamisha vichwa. Wote walimimina zao wenyewe, kwa kuwa za dukani zilikwisha kuwapita kimo kwa bei. Na kama si Jumamosi ya sahani, wengi wao wasingekuwa na sababu ya kunyoa ndevu.

Ndipo Emil akainuka, magoti yakialika kama kuni kavu. "Bwana Pruitt! Uliwahi kutupimia mkojo, tukanyamaza. Leo unataka kutupimia na risasi? Nipe Jumamosi moja. Risasi hamsini, za mikono yangu, pua bapa. Ikikwama hata moja, pitisha sheria yako, nami nitakushikia kalamu. Isipokwama, hutaitaja tena mpaka uzikwe."

"Hata moja?" Pruitt akauliza, akitabasamu.

"Hata nusu."

"We Emil," akanong'ona jirani yake, Dutch Yoder, "ungesema hata mbili, bwana."

Ikaanza kampeni ya wiki tatu. Emil alikisugua kile kingazi kwa kitambaa na dawa ya kung'arishia hata akayaona meno yake ndani yake, na meno aliyoyaona hayakumfurahisha. Akabadilisha springi. Akabadilisha magazini, akazirudia zile za kwanza, akaipaka bastola mafuta ikawa inateleza mkononi kama samaki. Akaisema kwa Kislovakia, lugha ya bibi yake, ambayo alikuwa anayajua matusi yake tu. Na risasi zikazidi kukwama.

Alhamisi mchana, siku mbili kabla ya vita, Verna mkewe akashuka chumba cha chini na kikapu cha nguo. Verna alikuwa mshonaji miaka ishirini na miwili katika kiwanda cha suruali, mpaka nacho kikahama usiku kama mpangaji mwenye deni.

"Mzee, bado unagombana na hicho kidude?"

"Bastola mbovu hii, mama. Risasi zangu hazina kosa. Nimezipima urefu, zote sawasawa."

"Umezipima kwa kipimo gani?"

Emil akaonyesha dirishani, ambapo risasi moja ya dukani ilisimama wima inang'aa. "Kwa hiyo. Pruitt alinipa mwaka jana. Akasema, ukitaka kujua urefu wa risasi ya kweli, fuata hii."

Verna akaweka kikapu chini, taratibu. "Emil Hrabovsky. Yule mtu umemlaani mezani kwangu miaka thelathini na kitu, kila Krismasi. Halafu unachukua kipimo chake?"

"Urefu ni urefu, Verna."

"Urefu ni urefu! Hiyo ya kwake ina mabega ya chupa. Yako ina mabega ya mbeba mizigo. Mimi nikimkatia mtu mnene koti kwa kipimo cha mtu mwembamba, nitalaumu vifungo kwamba havifungi? Hebu toa huo mtutu."

Emil akaifungua bastola, akautoa mtutu, akampa. Verna akaichukua risasi moja ya pua bapa, akaidondosha kwenye tundu ambamo ilipaswa kulala. Haikulala. Ilisimama imechomoza, na alipoivuta ilitoka kwa shida, na penye mabega yake palikuwa na mchubuko unaometa.

"Ona. Mabega yanagonga ukuta kabla makalio hayajafika kitini. Izamishe zaidi ndani ya ganda lake."

Emil akaupapasa ule mchubuko kwa kidole gumba. Kisha akaiendea mashine yake ya kushindilia, akapunguza baruti kidogo, kama wafanyavyo wenye akili wanapofupisha risasi, akaikaza skrubu ya kuzamishia robo mzunguko. Akajaribu: bado. Akakaza tena, chini ya robo. Akaidondosha.

*Tup.*

Akaupindua mtutu, risasi ikaanguka yenyewe kiganjani mwake, bila kulazimishwa na mtu. Mke na mume wakatazamana.

"Rudia," akasema Verna. "Hamsini zote. Mimi nahesabu."

Hata Jumamosi ikafika, ina jua na upepo wa ubaridi. Wazee kumi na mmoja wamekaa benchini wamenyoa. Pruitt amesimama penye nguzo, saa mkono wa kushoto, kamba ya kengele mkono wa kulia. Emil akavaa miwani na vizuia-sikio, akashindilia magazini ya kwanza.

Zikalia risasi kumi za kwanza, na sahani zikaanguka, ingawa hatutaficha kwamba tatu alizikosa. Historia haikuuliza habari za shabaha. Zikalia ishirini. Zikalia thelathini, na benchi la nyuma likaacha kutafuna. Penye arobaini Dutch Yoder alivua kofia bila kujua. Emil hakuona sahani wala watu. Alisikia tu kila risasi ikipanda na kuingia, *tup*, *tup*, kama watu wanaorudi kazini. Arobaini na nane. Arobaini na tisa.

Ikalia risasi ya mwisho, na bastola ikabaki imeachama, kinywa wazi, imetulia tuli.

Na kengele ikalia.

Ililia kwa nguvu, bonde zima likasikia, maana mkono wa Pruitt ulikuwa umezoea, na ulipoona bastola imeachama haukungoja kuulizwa. "Imekwama!" akapaza sauti. "Mmeona wote! Imekwama!"

Emil hakugeuka. Akaichomoa magazini, akaiinua juu ionekane: tupu. Akainamia mtutu: tupu. Akaiweka bastola mezani, akavua vizuia-sikio, ndipo akanena.

"Bwana Pruitt, haikwami bastola ambayo haina kitu. Hii imeachama kwa sababu imemaliza chakula. Umepiga kengele ya kutoka kazini."

Dutch Yoder akacheka, na benchi lote likainuka, wazee kumi na mmoja wakipiga makofi kwa mikono iliyoambiwa imepitwa na wakati. Verna, aliyekuwa akisubiri garini, alipiga honi mara moja.

"Andika," akasema Emil.

Pruitt akafungua daftari la klabu, akaandika sifuri penye hesabu ya kukwama.

"Kwa maneno. Dakika zetu za choo uliziandika kwa maneno."

Akaandika: *Hrabovsky. Pua bapa. Hamsini. Haikukwama.* Naye Emil akatoa mfukoni ile risasi inayong'aa ya dukani, akaisimamisha wima juu ya ukurasa kabla wino haujakauka.

"Kipimo chako hicho," akasema. "Chukua."

Waandishi wa magazeti hawakufika siku hiyo, kama walivyokosa kufika siku ya kufungwa kinu. Kwa hiyo imeandikwa hapa, na wenye kupinga wakalitazame lile daftari: mwandiko ni wa Pruitt.