Buibui ya Ploti ya Shemasi

Macharia hakusalimia mtu. Alifika kwa kahawa ya Salim pale Makongeni, mjini Thika, akajitupa kwa benchi mpaka vikombe vikaruka, na hapo wote wakajua Bibisii ameshika habari. Jina hilo walimpa kwa sababu hutangaza mambo hata kabla hayajatokea. Ilikuwa tisini na saba, mwaka wa mvua, na siku hiyo jua lilikuwa limetoka kidogo, kwa hivyo midomo nayo ilitoka kuota jua.

"Landless kumeharibika," alisema. "Kuna buibui. Ati inageuka!"

Salim akasimama na birika lake hewani. Dadake, Zubeida, alikuwa amehamia mtaa huo wa Landless juzi tu, na kazi yake ni kushona buibui, yale mavazi meusi ya kina mama wa Kiislamu.

"Nyeusi?" akauliza.

"Nyeusi ti!"

"Ndefu?"

"Ukiinyoosha inafunika mlango."

"Na ndani kuna mtu?"

"Haiya! Kumbe umeiona!"

"Nimeionaje tena? Si mimi ndio nilileta kitambaa!"

Urbanus, bawabu wa godauni moja, ambaye hapo kijiweni ni Afande, aliweka kikombe chini taratibu.

"Salim," akasema. "Kwani unaifuga?"

Sasa hapo ndipo mambo yalipokorogeka. Mtu wa pwani akisema "buibui huyu" unajua ni mdudu, akisema "buibui hili" unajua ni vazi, kwisha. Huku kwetu je? Kila kitu ni hii na hiyo. Mwalimu hiyo, ng'ombe hiyo, gari hiyo. Utajuaje?

"Mimi nasema ile ya kuvaa!" Salim akafoka.

"Hata yangu inavaa!" Bibisii naye akapanda. "Inavaa sura ya mtu! Iko na miguu nane na inavaa sura ya mtu!"

Pale mwisho wa benchi Kinyanjui akakohoa. Huyu ndiye Shemasi, mwenye ile ploti ya vyumba vya kupanga kule Landless anakokaa Zubeida, mtu wa koti la kahawia mvua na jua.

"Ngojeni," akasema. "Kwa ploti yangu kuna moja imeanikwa kwa kamba. Nyeusi. Jana upepo uliipiga, ikanyoosha mikono. Nikajiambia, Kinyanjui, hiyo si bure."

"Shemasi, hiyo ni nguo ya dada yangu!"

"Mchana ni nguo. Sijui baadaye. Kesho atoe vitu vyake."

Salim akaweka birika chini. Zubeida alikuwa amezunguka Thika nzima akitafuta chumba chenye mwanga wa kutosha cherehani, kila mahali wakimwambia kimechukuliwa. Alipopata hiki alilia kwa furaha kama msichana wa harusi. Leo afukuzwe kwa sababu ya upepo?

"Bibisii, wewe ulisikia wapi huu upuzi?"

"Chini ya dirisha ya Boaz. Nilikuwa nafunga kamba ya kiatu."

Wote wakaangalia miguu yake. Alikuwa amevaa patipati, zile ndala za mpira.

Na Boaz mwenyewe, muuza vipuri, jirani wa Zubeida ukuta kwa ukuta, huyo anapita na mkate kwapani. Salim akamvuta shati mpaka kwa benchi.

"Sema! Hiyo buibui ni nini?"

Boaz akaona haya, akatamani kuingia ndani ya mkate. "Ni mchezo tu. Tunakaa mezani na marafiki, kila mtu anajifanya shujaa, tunarusha dadu. Mimi ndio natunga majitu ya kupigana nao. Hiyo nimeitunga mwenyewe."

"Watu wazima?" Afande akauliza.

"Watu wazima."

"Woi! Na inafanya nini?"

"Inaingia mtaani, inakula mtu mmoja, inachukua sura yake. Hakuna anayejua."

"Inakula nani?"

Boaz akajikuna shingo. "Mwenye ploti. Inamla, inavaa koti lake, inakusanya kodi. Wapangaji wanakaa mwaka mzima bila kushuku kitu."

Afande akajisogeza, akaacha nafasi kubwa kati yake na lile koti la kahawia.

"Mnaniangalia nini?" Shemasi akauliza. "Hiyo ni hadithi!"

"Hata ya Zubeida ilikuwa nguo," Salim akasema.

"Alama yake ni gani?" Bibisii akauliza.

Boaz akafungua mdomo. Salim akamkanyaga mguu, akamjazia kikombe. "Boaz, si ulisema haiwezi kushika nyundo?"

Boaz akamtazama, akaelewa. "Ee. Nyundo inateleza. Kama choo cha ploti hakina mlango, basi mlango hautakuja."

Wote walikijua choo cha Shemasi. Mlango wake ni gunia.

"Halafu," Boaz akaendelea, sasa ameonja utamu, "inachukia mpangaji anayeshona. Uzi ni kazi yake, haitaki mashindano."

"Ngai!" Shemasi akaruka. "Mimi ni mtu! Nimebatizwa!"

"Aliyebatizwa ni Shemasi," Afande akasema. "Wewe hatukujui."

"Zubeida anakaa! Mmesikia? Na choo nakitengeneza leo leo, kwa mikono yangu miwili, mje muone!"

Akaenda mbio, koti likipepea nyuma.

Alasiri benchi lote liliandamana hadi Landless. Ni kweli: Shemasi alikuwa chooni, misumari mdomoni, akigonga mlango mpya wa mbao. Zubeida amemshikia ubao, buibui lake limejaa vumbi la mbao, anacheka. Salim alifurahi, akatamani kumkumbatia kila mtu, hata Bibisii.

Lakini Bibisii hakuwa anacheka. Alikuwa anarudi nyuma pole pole.

"Salim, tutoke hapa."

"Nini tena wewe?"

"Shemasi nimemjua tangu tukiwa watoto. Shemasi kutengeneza choo?" Akavua patipati, akazishika mkononi tayari kwa mbio. "Hiyo si yeye."