Ungo Unaotazama Uingereza

Jumapili, 6 Februari 2011

Siku mbaya. Nimetoka kanisani na dhambi nyingi kuliko nilizoingia nazo.

Mwanangu Darlène, miaka kumi na mitatu, hukaa kwangu hapa Tumba, Sweden, wiki moja, na wiki ya pili kwa mama yake Sundbyberg. Ndivyo tulivyokubaliana mimi na Raïssa tulipoachana. Leo ilikuwa zamu ya kumkabidhi. Baada ya ibada, mbele ya meza ya chai, mtoto akasema kwa Kiswidi kwamba anafikiria kukaa kwa mama yake moja kwa moja. Nikauliza kosa langu. Akasema si kosa, ni ile tamthilia.

Ile tamthilia! Wamarekani waliopotea angani ndani ya chombo. Msimu wa kwanza uliisha Kapteni Idra akifungua mlango na kutoka nje, huko kusikokuwa na hewa, bila hata koti. Tangu Novemba mwanangu anataka kujua kama yule mama yu hai. Kwangu kuna chaneli nne, na moja huonyesha Bunge. Kwa mama yake kuna Gilles. Mume mpya. Dereva wa treni za chini ya ardhi, mpiga kinanda wa kwaya, mwenye chaneli mia moja na ushee.

Gilles akaeleza, kwa ule upole wake unaokera, kwamba msimu wa pili utaanza Uingereza Jumatano ya tarehe kumi na sita, ila hajajua chaneli gani. Sweden huenda ukafika mwakani. Raïssa akasema tumsikilize mtoto. Kwetu Buyenzi, nilikokulia, mtoto ndiye aliyekuwa akisikiliza.

Hapo mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikatangaza kwamba tamthilia itaonyeshwa kwenye televisheni ya bure ya Waingereza. Bure kabisa! Na kwamba mimi nina dishi linaloshika Uingereza yote.

Darlène akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu Krismasi. Akasema basi Jumapili ijayo atakuja kama kawaida. Lakini Jumatano hiyo asipoiona, anahamia Sundbyberg.

Sina dishi.

Jumatatu, 7 Februari 2011

Ninalo dishi! Jamaa mmoja wa Upplands Väsby anahama na alikuwa anatafuta mtu wa kumwondolea. Upana wake mita moja na robo. Nimesafiri nalo kwenye treni kutoka kaskazini ya jiji hadi kusini, nimelikumbatia njia nzima. Hakuna aliyeniuliza kitu. Hawa watu ukipanda na ng'ombe watasogea tu kumpisha.

Nikampigia binamu yangu Zachariah, anayeishi Leicester. Nikamuuliza, tena kwa kumsihi, kama tamthilia ya chombo itaonyeshwa kwenye chaneli za bure. Akasema ndiyo, tangazo ameliona kwa macho yake mawili. Jumatano, saa moja jioni ya kwao, yaani saa mbili ya kwetu. Tena ana king'amuzi cha zamani ambacho hakitumii, atanitumia kwa posta leo leo. Zachariah ni mtu wa maana sana. Tangu utotoni hajawahi kumjibu mtu hapana.

Jumanne, 8 Februari 2011

Tatizo. Satelaiti ya Waingereza iko kusini. Roshani yangu inatazama kaskazini, kwenye maegesho na msitu. Nimesimama pale na dishi nusu saa nikitumaini nimekosea. Sikukosea.

Roshani ya kusini iko mlango wa pili, kwa Mama Paskalia. Mhaya wa Bukoba, muuguzi mstaafu, mjane, na hana simile. Nikaenda na sahani ya maandazi. Nikamwambia nataka kumwonjesha tu. Akayaonja, akauliza shida ni nini.

Nikamweleza yote. Akanisema kwanza, robo saa nzima. Akauliza kwa nini nisimwambie mtoto ukweli, kwamba sina dishi lakini nampenda. Nikamjibu kwamba ukweli huo hauna msimu wa pili. Akacheka, nikajua nimepita. Sharti lake: dishi likishika, na yeye awe anaangalia kile kipindi cha Waingereza wanaozunguka mashambani kutazama nyumba wasizonunua. Na televisheni iwe kwake, maana hataki kusikia tu kelele ukutani.

Alhamisi, 10 Februari 2011

Leo shuleni ninakopika ilikuwa siku ya supu ya njegere na pankeki. Nimeunguza pankeki arobaini nikiwaza waya.

Jioni nikalifunga dishi roshanini kwa Mama Paskalia, kisha nikalala chini ya kochi lake kupitisha ule waya. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami nimeinama mpaka mgongo umekataa kurudi. Yeye amesimama juu yangu akisema njia ya mwongo ni fupi. Nikamwambia yangu ina mita kumi na nane, nimeipima.

Kisha kikaja cha kuvunja moyo. Tangazo mlangoni: Jumanne mkaguzi wa kampuni ya nyumba atapita kukagua roshani zote. Dishi la kutokeza nje ya ukingo ni marufuku, na atakayekutwa nalo ataandikiwa barua. Langu limetokeza kama tumbo la tajiri. Na barua ingekwenda kwa Mama Paskalia, ambaye hajaandikiwa barua hata moja tangu afike Sweden mwaka themanini na tisa. Amenikumbusha mara tatu.

Jumamosi, 12 Februari 2011

King'amuzi kimefika! Kimefungwa ndani ya fulana ya Zachariah.

Saa nne nzima roshanini, baridi nyuzi tisa chini ya sifuri. Mimi nasukuma dishi upana wa kucha, Mama Paskalia ndani anapiga kelele amepata nini. Hakuna. Hakuna. Mtu anahubiri, lugha haijulikani. Hakuna. Mwarabu anauza mazulia. Mwitaliano anakaanga samaki. Mama Paskalia akasema niache hapo hapo, samaki yule anafaa. Nikakataa. Vidole sivisikii tena.

Mara ukelele. Nikakimbilia ndani na viatu vya theluji juu ya zulia lake. Waingereza! Mtabiri wa hali ya hewa, tai ya bluu, mvua Leicester yote. Sijawahi kufurahia mvua ya mtu mwingine kiasi kile. Nilitokwa na machozi kidogo, nikasingizia baridi.

Jioni ujumbe wa Gilles kwenye simu. Anasema ameuliza vizuri, msimu wa pili umenunuliwa na chaneli ya kulipia, hautafika ile televisheni ya bure. Ati ameona anijulishe mapema nisije nikaaibika. Wivu! Mtu ana chaneli mia na bado anaionea gere moja ya mwenzake. Nikaufuta.

Jumapili, 13 Februari 2011

Darlène amekuja. Kakaa dirishani treni nzima na vidude vyake masikioni. Nikamuuliza habari za shule, akajibu kwa Kiswidi, neno moja. Nikamuuliza habari za chombo, akajibu maneno kumi na moja. Niliyahesabu.

Jumanne, 15 Februari 2011

Siku ya ukaguzi. Wazo lilinijia jana nikichekecha unga wa ugali. Ni wazo kubwa.

Mama Paskalia ana mkeka wa ukindu, wa rangi ya asili, ameutunza miaka yote. Nikaushona juu ya dishi kwa uzi wa kuvulia samaki, pande zote mpaka nyuma. Ukilitazama unaona ungo. Mkubwa, lakini ungo. Mama Paskalia akasema yeye ni mtu wa ushirika wa akina mama na hatasema uongo. Nikamwambia asiseme kitu, anyamaze kwa heshima.

Mkaguzi akafika saa tatu asubuhi. Kijana mrefu, sweta la kijani, fomu mkononi. Akautazama ule mduara muda mrefu. Akauliza ni nini. Nikasema ni chombo cha kiasili cha kupepetea mahindi. Akauliza mbona mkubwa hivyo. Nikasema ukoo wetu ni mkubwa. Akauliza mbona umeinama kuelekea kusini. Nikasema ndiko tulikotoka.

Jasho likaanza kunitoka, kwenye theluji. Hapo Mama Paskalia, bila neno, akaingia jikoni, akarudi na ungo wake mdogo wa kweli na mahindi kidogo yenye makapi. Akaanza kupepeta. Alikuwa anapendeza, kwa kweli. Makapi yakapaa, yakatua kwenye lile sweta la kijani na mengine yakashuka kwa jirani wa chini. Kijana akatazama mpaka mwisho. Akasema amejifunza. Akaandika mistari mingi sana, akaenda zake.

Tumepona! Mama Paskalia akasema hajasema uongo wowote, amepepeta tu.

Jumatano, 16 Februari 2011

Naandika usiku wa manane, wala sina hofu tena.

Saa mbili kasoro dakika kumi tulikuwa tumekaa kwa Mama Paskalia: yeye, mimi, Darlène katikati. Bisi tayari. Picha safi. Kumbe nje theluji inaanguka, mkeka unalowa, na ukindu uliolowa haupitishi Uingereza. Saa mbili kasoro dakika mbili picha ikakatika vipande vipande, kisha nyeusi. Darlène akanitazama. Nilitamani kutoka nje bila koti kama Kapteni Idra.

Mama Paskalia akainuka. Akaenda roshanini na kisu cha jikoni, akachana uzi wangu wote, akauvuta mkeka ukaanguka. Akasema mkeka utakauka. Picha ikarudi. Muziki. Chombo kikapita angani, kikubwa, taa zote zinawaka. Nikafumba macho nikamshukuru Mungu na Zachariah.

Darlène akasema, taratibu, kwamba hii ni sehemu ya kwanza. Ya msimu wa kwanza. Ameiona mara nne.

Gilles alisema kweli. Wa pili umekwenda kwa wanaolipa, na hawa wa bure wanarudia wa mwaka jana. Tangazo aliloliona Zachariah ni hili. Sikuona aibu, niliogopa. Nilikiona kile chumba chake, kitanda kimetandikwa, hakuna mtu, wiki baada ya wiki.

Akasimama. Nikajua anafuata koti. Nikaanza kusema kwamba ni makosa ya mitambo, kwamba huenda saa tatu. Nikaishiwa. Nikasema ukweli: sikujua, nilibahatisha, sikutaka ahame.

Akauliza kama mimi nimewahi kuiona hata sehemu moja. Nikasema hapana. Akauliza mwaka mzima anaponiambia habari za Kapteni Idra nilikuwa namjibu nini. Nikasema nilikuwa naitikia tu.

Akachukua bakuli, akajaza bisi nyingine, akarudi kukaa. Akasema kwa Kiswidi kwamba basi tuanze mwanzo. Mama Paskalia akamwambia kwamba katika nyumba hii vyombo vya angani vinaelezwa kwa Kiswahili, mtu mzima aelewe.

Na mtoto akaeleza! Kwa Kiswahili! Sijamsikia akisema sentensi tatu mfululizo tangu akiwa darasa la pili. Ile nguvu ya kuvuta watu chini aliita nguvu ya kuanguka. Mlango wa chombo wenye mlango mwingine ndani aliuita mlango mjamzito. Mama Paskalia akauliza kwa nini wasigeuze chombo warudi kwao. Darlène akajibu kwamba hawajui tena kwao ni wapi, ndiyo hadithi yenyewe. Mama Paskalia akarudisha bisi bakulini, akasema hapo ameelewa.

Ilipoisha nikauliza, kwa sauti ndogo, kuhusu Sundbyberg. Darlène akasema Jumatano ijayo ni wiki ya mama yake. Lakini atapanda treni aje, kwa sababu sisi wawili peke yetu hatutaelewa kitu, na sehemu zimebaki ishirini na moja. Na wiki zake za kwangu ziko palepale. Alisema hivyo akitafuta bisi chini ya bakuli, kana kwamba ni jambo dogo.

Lo! Nimeshusha pumzi ambayo naona niliivuta mwezi wa kumi na moja.

Alhamisi, 17 Februari 2011

Nimelala kama gunia. Nimeamka nikaitafakari hali nzima, na ukweli lazima uandikwe: mpango wangu umefaulu kila hatua. Nilisema chombo kitaonekana bure, kimeonekana. Nilisema dishi litashika, limeshika. Mtu mwenye akili ndogo angekata tamaa Jumanne.

Asubuhi kwenye ngazi nimekuta tangazo jipya, limefunikwa plastiki, lugha nne, moja ikiwa Kiswahili cha ajabu. Linasema kupepeta nafaka kwenye roshani ni marufuku kuanzia saa mbili usiku mpaka saa moja asubuhi. Maana yake mchana ruhusa! Ungo wetu sasa ni halali kwa maandishi. Mama Paskalia amelisoma mara mbili, akaenda kuuanika mkeka.

Saa sita Gilles akapiga simu. Akasema rafiki yake wa London ataurekodi msimu wa pili wote na kuutuma, Darlène auone huku kwangu, pamoja nami, tukimaliza wa kwanza. Bila masharti. Ni jambo jema, siwezi kukataa. Nilitaka kusema asante kaka. Kweli ilikuwa mdomoni.

Nikamwambia asijisumbue. Nikamwambia mpaka Pasaka nitakuwa nashika Marekani yenyewe, moja kwa moja, msimu wa tatu, kabla ya Waingereza. Nikasikia nyuma yake Raïssa akiuliza kama ni kweli, na Gilles akimwambia ndivyo baba Darlène anavyosema.

Yupo jamaa Upplands Väsby mwenye dishi la mita tatu. Nimegonga kwa Mama Paskalia kumuuliza ana mikeka mingine mingapi.