Kibali cha Koku na Tanga la Mama Yake

Jumatatu, 2 Februari 2026. Mkolani, Mwanza.

Kosa wanalofanya wazazi wengi ni kudhani kwamba viza ya mwanafunzi ni kama kiti cha basi: ukishakikalia, ni chako hadi mwisho wa safari. Sivyo! Nimeelezwa na binti yangu Kokulinda, anayesomea uhandisi wa maji kule Ulaya. Kibali ni cha mwaka mmoja mmoja. Ili kihuishwe, mwanafunzi sharti ahudhurie masomo, afaulu, awe na bima, na akihama chumba atoe taarifa. Cha Koku kinaisha mwezi huu. Ameomba kipya. Kabla hakijatoka, akivuka mpaka hawezi kurudi.

Na mama yake tulimzika mwezi uliopita bila yeye.

Tunaanua tanga Jumamosi ya wiki ijayo. Katika ukoo wetu, siku hiyo watoto wa marehemu hukaa mkekani pamoja. Koku ndiye mtoto wetu pekee. Mkeka mtupu! Dada yangu Eugenia, aliyetoka Bukoba kusimamia msiba, anasema tumwache mtoto asome. Eugenia hajawahi kuwa mkuu wa shule. Mimi nimekuwa. Najua njia.

Jumatano, 4 Februari

Njia ni hii: mzazi akitaka ruhusa ya mtoto, humwandikia mkuu wa shule. Nilipokea barua za namna hiyo hadi nikastaafu. Nilizikubali zilizonigusa. Basi nimekiandikia chuo inayogusa. Kurasa tatu, pamoja na maana ya tanga. Nikaongeza kwamba binti hali, halali, na hajakanyaga darasani tangu mama yake afariki. Hilo la mwisho nililitunga. Lilikaa vizuri kwenye sentensi.

Imekwenda kwa barua pepe. Koku sikumwambia. Atafurahi ghafla!

Jirani yangu Mzee Khalidi kanikuta barazani, akauliza kama binti anakuja. Nusrat wake anasoma India, na Idi iliyopita alikuwa hapa. Wa kwangu anatoka anaingia kama kwake, Mwalimu, kasema. Nikamweleza kwamba kila nchi ina taratibu zake. Akaitikia ndiyo, ndiyo, akaondoka akipiga mluzi. Subiri tu!

Jumatatu, 9 Februari

Chuo kimejibu. Hakikunijibu mimi. Kilimwita Koku ofisini, barua yangu ikiwa mezani. Wakamweleza kwamba mwanafunzi asiyehudhuria wanalazimika kumripoti uhamiaji, na kwamba baada ya kunisoma wamekagua mahudhurio yake.

Kumbe ni kweli hakwenda. Baada ya mazishi alijifungia chumbani wiki nzima, hakumwambia mtu. Kwenye simu alikuwa akiniambia masomo yanaendelea vizuri. Nami nilikuwa nikimwambia nakula vizuri.

Wamempa onyo. Asikose kipindi hata kimoja. Ruhusa hakuna. Koku hakufoka. Alisema taratibu, Baba, nakusihi, usimwandikie mtu mwingine. Afadhali angefoka.

Eugenia alifoka kwa niaba yake. Kwanza kwa Kihaya, kisha kwa Kiswahili, ili Mzee Khalidi naye afaidi.

Jumamosi, 14 Februari

Tanga limeanuliwa. Simu tuliiegemeza kwenye mto katikati ya mkeka, mahali pa Koku. Watoto wa ndugu wakaiamkia shikamoo, nayo ikaitika marahaba. Wakati wa sala mtandao ukakwama. Tukamalizia na picha yake imeganda, mdomo wazi.

Kisha wafiwa tukanyolewa. Mtandao uliporudi nilimweleza Koku kwamba hakuna sheria ya uhamiaji inayomkataza mtu kunyoa nywele zake mwenyewe, na kwamba hivyo atakuwa pamoja nasi kabisa. Eugenia akanikanyaga mguu. Sikuelewa. Koku akachukua mkasi, halafu wembe, akanyoa mbele yetu, theluji ikianguka dirishani nyuma yake. Alipomaliza alifanana na mama yake alivyokuwa wodini. Mzee Khalidi, aliyekaa nasi tangu asubuhi, akavua kofia.

Nililia. Hata hivyo nikajiambia, angalau hili limekwenda sawa.

Jumanne, 17 Februari

Halikwenda sawa. Leo Koku alikuwa na miadi uhamiaji, ya alama za vidole na kuhakikiwa sura. Picha aliyowasilisha ina nywele za kusuka hadi mabegani. Akaingia mtu mwenye kipara na macho yaliyovimba. Afisa akatazama picha, akamtazama yeye, akarudia picha. Amerudishwa akapige mpya na kusubiri miadi nyingine. Kwa sasa anaruhusiwa kubaki, ila kibarua chake cha maktaba kimesimamishwa mpaka kibali kitoke.

Eugenia alijua kuhusu miadi. Koku alimwambia yeye, mimi hakuniambia. Nimeuliza kwa nini. Eugenia akasema jibu hilo ningeweza kulipata mwenyewe, mkuu wa shule mzima.

Jumatano, 18 Februari. Jumatano ya Majivu.

Nimepakwa majivu. Wengine Kwaresima hii wanaacha nyama. Mimi nimeacha barua. Mzee Khalidi, ambaye naye yuko mlangoni mwa Ramadhani, aliuliza kutoka upande wake wa ua kama kutoandika ni kugumu kuliko kutokula. Nikamwambia ni kugumu zaidi. Akacheka, akanitakia mfungo mwema.

Jioni Koku kapiga, ametoka darasani, amevaa kofia ya sufu aliyofumiwa na mama yake. Akauliza nimekula nini. Nikasema ugali na sato. Nilikuwa sijala. Akasema yeye hajambo kabisa.

Ijumaa, 20 Februari

Eugenia amerudi Bukoba asubuhi. Nyumba imenyamaza mno, nami nimepata nafasi ya kutafakari. Kosa langu nimelitambua, na naliandika hapa ili lisirudiwe: nilimwandikia mtu mdogo. Afisa wa chuo atajua nini kuhusu msiba? Anayepaswa kuelezwa ni mkuu wa uhamiaji wa nchi ile, yeye mwenyewe. Kwamba kipara kile kilishauriwa na baba. Kwamba ni mtoto mzuri, amebaki peke yake huko, na mimi peke yangu huku. Kurasa nne zitatosha. Mungu ataelewa kwamba haya ni maelezo tu.

Nitaandika leo, kabla Koku hajapiga simu.