Dole Gumba la Baba wa Bibi Harusi

Jumatatu, 4 Agosti

Nimeumia. Kwa heshima zote, lakini nimeumia. Tangu Julai kifundo cha mkono wa kulia kinawaka moto upande wa dole gumba. Leo nimeshindwa kufungua chupa ya maji mbele ya vijana wote wa stoo kazini. Nikasema sina kiu.

Hospitali wakanipeleka fiziotherapia. Kwenye benchi: akina mama watupu, kila mmoja na kichanga chake. Nikadhani nimekosea mlango. Sikukosea. Mtaalamu ni binti anaitwa Debora, rika la binti yangu Edina. Kanipa shikamoo safi kabisa, kisha akaniamuru nikunje dole gumba ndani ya ngumi na kuinamisha ngumi upande wa kidole cha mwisho. Nikainamisha. Nilipiga ukelele, vichanga vyote vikaanza kulia.

Anasema kano za dole gumba zimevimba. Anasema huwapata sana akina mama wanaobeba watoto. Nikamweleza kwamba mimi ni mpiga ilimba, kile kisanduku cha muziki chenye vijiti vya chuma, nacho hupigwa kwa madole gumba mawili, hivyo haya ni maumivu ya msanii. Akauliza napiga mara ngapi. Nikasema Jumapili, nikipata nafasi. Akauliza kuhusu simu. Nikasema kawaida tu. Hapo hapo simu ikaita mfukoni: kundi la kamati ya sendofu, sherehe ya kumuaga Edina kabla ya harusi. Tena. Na tena. Akaomba kuona ninavyoandika. Ujumbe wangu wa asubuhi, wa kusahihisha makosa ya kamati, alichoka kuupandisha kwa kidole bila kufika mwisho. Akasema msanii amepatikana.

Amenifunga mkanda mgumu wenye bamba ndani. Hakuna ilimba, hakuna kuandika simu kwa dole gumba, mpaka aseme yeye. Na Edina ana sendofu tarehe thelathini! Mimi ndiye wa kumwingiza ukumbini kwa ilimba. Nilimwahidi akiwa mdogo, enzi ambazo hakulala mpaka nimpigie. Sijawahi kumwahidi mtoto yule kitu nikakosa.

Naandika haya kwa kalamu niliyoibana kwa vidole vilivyobaki. Mwandiko bado unaushinda wa mwenyekiti wa kamati.

Alhamisi, 7 Agosti

Ludovick kapiga simu. Huyu ni baba wa bwana harusi, mtu wa Bukoba, mkurugenzi mstaafu, na hakuachi usahau. Ameleta zawadi kutoka upande wao: bendi ya tarumbeta. Imwingize Edina. Ilimba, kasema kwa upole mkubwa, itapendeza watu wakiwa wanakula.

Wakiwa wanakula! Nikamjibu kwamba ilimba yangu haijawahi kushindana na pilau na haitaanza uzeeni. Akauliza, kwa upole uleule, kama ni kweli nina mkono mbovu, maana kuna watu wameona mkanda. Nikasema mkanda ni wa mazoezi. Si uongo.

Kamati imekata shauri: nikiwa mzima, namwingiza mimi. Nisipokuwa mzima, tarumbeta. Kuanzia sasa mkanda unakaa chini ya koti. Koti, Dodoma, saa nane mchana! Vijana wa stoo wameuliza kama nimepandishwa cheo. Sikukanusha.

Ijumaa, 8 Agosti. Nane Nane

Nimepata dawa! Nzuguni, viwanja vya maonyesho. Muuzaji ana kipaza sauti. Inaponya mgongo, magoti, na ng'ombe waliovimba kiwele. Mkono ni nini mbele ya kiwele? Nikavua mkanda nyuma ya banda la trekta, nikapaka bila ubahili.

Jioni. Ngozi imekuwa nyekundu. Kisha nikajisahau, nikafikicha jicho. Mke wangu Loisi alinimwagia maji usoni huku amekaa chini kwa kicheko, kwa hiyo mengi yalinipata kifuani. Kano zimebaki palepale. Sasa naumwa sehemu mbili.

Jumanne, 12 Agosti

Debora ameona ngozi yangu, akanisema kama mtoto wa chekechea. Kwa shikamoo, lakini alinisema. Atanipima tena tarehe ishirini na mbili. Ngumi ikiinama bila maumivu, ataniruhusu wimbo mmoja.

Nimetafakari njia nzima. Kumbe tatizo si mkono. Tatizo ni ukelele. Nisipopiga ukelele, nimepona. Nafanya mazoezi mbele ya kioo: nainamisha ngumi, uso unatulia kama wa mtu anayesikiliza bajeti. Mazoezi ya Debora nayo nafanya, kufungua dole taratibu, kushusha kopo la maji taratibu, lakini haya ya uso ndiyo yenye akili.

Jioni nikagusa ilimba kwa dole la kushoto tu. Loisi alikuwa anaosha vyombo, akawa anazijaza sauti za upande wa kulia kwa mdomo. Zote. Kisha akasema kuna mahali ninapopitwa na sauti moja katika wimbo ule wa Edina, na nimekuwa nikipitwa tangu tuoane. Nimemsamehe. Kwao wanawake ni wapiga ngoma hodari. Ilimba ni elimu nyingine.

Ijumaa, 22 Agosti

Siku ya kipimo. Uso ulikuwa tayari, ila nikaongeza silaha: ngumi ikiinama, niimbe tenzi za kanisani, ukelele upite humo humo.

Debora akainamisha. Nikaimba. Juu sana. Akina mama wa benchi wakaitikia, tena kwa sauti nzuri ajabu. Debora akasubiri ubeti uishe. Akasema nimeimba vizuri, baba, lakini machozi yananitoka. Maumivu yamepungua na uvimbe umeshuka, ila dole la kulia nikilipeleka mbio nitarudi nilikoanzia. Ilimba bado.

Nikauliza la kushoto. Akasema la kushoto ni zima, nilifanyie nipendalo.

Ruhusa hiyo! Nikamwandikia Ludovick kwa kidole cha shahada: niko mzima, nakuja. Kamati ikauliza kama simu yangu imeibwa, maana ujumbe ulikuwa mfupi.

Usiku nikamweleza Loisi kwamba nimeamua kumpa heshima. Atakaa kulia kwangu. Kitenge chake kipana kitafunika ilimba na mikono. Atapiga upande wa kulia, na ukumbi utajua ni mimi. Akasema sawa, baba Edina, ila pale ninapopitwa mimi, yeye hatapitwa.

Jumamosi, 30 Agosti

Naandika nikiwa na suti bado.

Ukumbi ulijaa. Tarumbeta walikuwa mlangoni na vyombo vyao vinavyong'aa, wakinisubiri nishindwe. Nikaketi. Loisi akaketi, kitenge juu. Tukaanza. Mungu wangu! Sijawahi kupiga vizuri namna ile. Upande wa kulia ulitiririka wenyewe. Pale pa kupitwa pakajaa. Mlango ukafunguliwa, akaingia Edina, mrefu, gauni la rangi ya zabibu, nami nikamwona yule mtoto asiyelala. Nilimpenda mpaka maneno ya wimbo yakanipotea. Nikashindwa kuimba. Loisi akaimba.

Katikati kitenge kikaanguka. Ukumbi mzima ukalipuka vigelegele. Nikainamisha kichwa kupokea. Edina akaja anacheza, akamkumbatia mama yake shingoni huku mama anapiga, wakalia. Kwangu pia alifika. Nikalia pia, machozi ya ufundi. Hata tarumbeta waliweka vyombo chini wakapiga makofi.

Kisha Ludovick akaja, ameguswa, amenyoosha mkono wa pongezi. Wa kulia. Mkwe mwenzangu huyo, ningekataaje? Ana kiganja cha mkurugenzi. Nilipiga ukelele mkubwa kuliko wa siku ya kwanza. Ukumbi ukadhani ni kibwagizo, ukaitikia.

Lakini ahadi nimetimiza. Mwanangu ameingia kwa ilimba. Moyo umejaa.

Jumanne, 2 Septemba

Mkanda umerudi. Debora ameukaza kuliko mwanzo. Akina mama wa benchi wamenisogezea nafasi bila kuombwa.

Jioni akapiga simu Mzee Elieza, mkulima wa zabibu wa Hombolo, aliyekuwa mgeni wetu Jumamosi. Anamwoza mjukuu wake wiki hii. Anamtaka yule mama aliyepiga ilimba. Nikauliza mama yupi. Akasema mwenye kitenge cha njano. Nikauliza kama hakumwona mpigaji mwingine. Akasema hapana, aliona tu baba mmoja kando yake, amefumba macho, anafurahia sana muziki.

Maskini, macho ya uzee. Sikumwaibisha. Nikamwambia mpigaji amekubali, na kwamba mpigaji ni mimi.

Loisi nitamwambia Ijumaa. Nimeshanunua pini za kukibana kitenge.