Divai ya Siri kwa Nusu Bei

Jumatatu, 3 Machi

Daktari amemruhusu mke wangu kunywa divai! Glasi moja ndogo, kuanzia Jumamosi. Dawa zimekwisha, majibu ya ule uvimbe waliomtoa tumboni yamekuja mazuri, kidonda kimefunga. Tukiwa njiani kurudi nyumbani nikamuuliza nimfanyie nini tusherehekee. Nilitegemea atataka gauni, au safari, au lile kochi jipya la sebuleni nililomwahidi miaka na miaka. (Mimi ni fundi makochi. Kochi la nyumbani kwangu sponji linachungulia nje.) Akasema anataka glasi moja ya divai nyekundu, nzuri. Basi. Kisha akageukia dirisha njia nzima.

Tangu atoke wodini hajaomba hata chumvi mezani. Hacheki. Hanisemi. Anabadilishia nguo nyuma ya mlango na analala ametazama ukuta. Mimi niliyezoea kusemwa asubuhi mpaka jioni, nyumba imenipwaya. Sasa ameomba kitu kimoja. Lazima kiwe kizuri. Nimejiapiza.

Shida ni kwamba kuhusu divai sijui mbele wala nyuma. Anayejua, au anayejifanya anajua, ni kaka yake mke wangu, mhudumu mkuu hotelini, ambaye hawezi kunywa kitu kabla ya kukichovyea pua. Moyoni namwita Pua. Shemeji Pua ameshajialika chakula cha mchana Jumamosi. Amepiga simu kusema nisijisumbue, divai ataleta yeye, mimi nitafute barafu.

Barafu! Mimi!

Jumanne, 4 Machi

Nimepata! Dukani kwa Mama Duka, mtaa wa nyuma ya karakana yangu, kuna kapu kubwa la chupa zilizovalishwa vifuko vya gunia, kila kimoja kimeshonwa ubavuni, juu mpaka chini. Kibao kinasema: Divai nyekundu ya siri. Nusu bei. Za kifalme zimo, za kawaida zimo. Ukifumua, umenunua. Mama Duka anaapa hata yeye hajui iliyomo. Zimekuja zimeshonwa hivyo hivyo kutoka kwa muuzaji wa jumla.

Kwenye rafu ya jirani ipo chupa ya heshima, ina lebo, bei kamili. Ningeweza kuinunua pale pale na kwenda zangu. Lakini hiyo hata mtoto ananunua. Pua angeitazama mara moja, akataja bei yake, akanipa pole. Ila nikiibuka na chupa ya kifalme kwa nusu bei! Mbele ya Pua! Na mke wangu aone amepata mume wa namna gani!

Nimemweleza jioni. Akasema ninunue yoyote ile, akaendelea kukunja nguo. Zamani angeniita mpumbavu. Nimekosa usingizi kwa kuukosa upumbavu wangu.

Jumatano, 5 Machi

Siku ya uchunguzi. Pua aliwahi kusema kuwa chupa ya divai bora ina shimo refu chini ya kitako. Nikaingiza kidole gumba kupitia gunia, chupa moja baada ya nyingine. Zote zina shimo. Nikazinusa. Zote zinanuka gunia. Nikazitikisa karibu na sikio. Mama Duka akaniuliza kama nanunua divai au nanunua njuga. Nikamjibu kwa heshima kwamba mteja makini hakurupuki. Akanijibu kwamba mteja makini anaziba njia ya watu wa sabuni.

Niliondoka mikono mitupu. Lakini mlangoni jicho langu likatua kwenye kiti cha Mama Duka, kile anachokalia pale kaunta. Kitambaa kimechanika, sponji linamwagika, msumari unatishia kumchoma mahali pasipostahili.

Akili ikawaka taa!

Alhamisi, 6 Machi

Nimejitolea kumtengenezea Mama Duka kiti bure. Alinitazama kwa mashaka, lakini msumari ulikuwa upande wangu. Akakubali. Nikasema kazi ya sponji ina vumbi, afadhali nikafanyie stoo. Na kapu la divai hulazwa stoo duka likifungwa mchana! Nilijua fika.

Nilimaliza kiti mbio mbio. Kisha nikachagua chupa nzito kuliko zote, nikafumua mshono wa kifuko taratibu, nikachungulia. Moyo unadunda kama nimeiba maiti. Lebo ikasema: Divai ya kupikia. Imetiwa chumvi. Haifai kunywewa.

Ndipo nilipofanya kosa. Nilipaswa kukishona kifuko vile vile nilivyokikuta. Lakini mshono wa mwanzo ulikuwa aibu tupu, huku mrefu, kule mfupi, utadhani aliyeshona alikuwa anakimbizwa. Mikono yangu ikagoma. Imegoma kabisa! Nikajikuta nimetoa uzi wangu wa nta, ule wa makochi ya wakubwa, nikapiga mshono wa kufichwa, nafasi sawasawa, fundo limezama ndani halionekani. Kazi safi. Niliinua juu nikaitazama na kuridhika, mjinga mimi.

Nilipoushika wa pili, Mama Duka akaingia kudai kiti chake. Alikikalia, akainuka, akakikalia tena, akasema hajawahi kukaa vizuri hivi tangu aolewe. Nikarudi nyumbani na elimu ya kitu kimoja tu: chupa ya kutonunua.

Mke wangu aliniuliza kwa nini nina nyuzi za gunia kwenye sweta. Nikasema kazi. Akavitazama vidole vyangu kidogo, kisha akaenda kulala. Ukutani.

Ijumaa, 7 Machi

Balaa!

Nimefika dukani nikakuta chupa yangu, yaani ile ya chumvi, imetolewa kapuni na kuwekwa juu ya rafu peke yake. Mteja mmoja aliuona mshono. Akamwonyesha Mama Duka. Mama Duka akatangazia duka zima kwamba hii ndiyo yenyewe ya kifalme, maana nani atajisumbua kushonea takataka namna hii? Bei imepanda mpaka bei kamili na juu yake. Wanawake wawili walikuwa wanaivutania.

Nikajaribu kuwaokoa. Nikasema kwa sauti kwamba mshono mzuri si kitu, hauonyeshi chochote kuhusu kilichomo. Maisha yangu yote sijawahi kutamka maneno hayo. Yalinikwaruza koo. Mama Duka akaniuliza, nikiwa kama fundi, nina uhakika gani. Nikajifanya natafuta sabuni.

Mara akaingia nani? Pua. Suti, viatu vinang'aa. Akaishika chupa, akapitisha kidole juu ya mshono, akafumba macho. Akasema kwenye mashamba makubwa ya zabibu chupa bora hushonwa hivi hivi na wazee waliokabidhiwa kazi hiyo tangu ujana. Wale wanawake wakamwachia. Akalipa bila kupepesa. Mimi nikamfungulia mlango na kumtakia jioni njema.

Nilicheka mpaka kona. Kwenye kona nikakumbuka chumvi ile itamiminwa kwenye glasi ya nani.

Nikarudi mbio. Nikaishika ile chupa ya heshima, ya lebo, ya bei kamili. Nilikuwa nayo mkononi! Nilikuwa nakwenda nayo kaunta! Lakini nikafikiri: kama iliyoshonwa vizuri kuliko zote ndiyo mbaya kuliko zote, basi iliyoshonwa vibaya kuliko zote ni ipi? Hesabu nyepesi. Nikairudisha ya lebo rafuni. Kapuni kulikuwa na moja ambayo mshono wake ulinitia kichefuchefu. Nikainunua hiyo.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeandaa meza mwenyewe. Mke wangu alivaa gauni la bluu, sasa limemzidi mabegani. Nilimwambia amependeza. Akasema asante, kama mgeni.

Mpango wangu ulikuwa kuigonga chupa ya Pua kwa kiwiko, bahati mbaya, ikapasuke sakafuni. Nikagonga bakuli la mchuzi. Suruali ya Pua ikaumia, chupa ikabaki imesimama.

Pua hakutaka kuivua kifuko. Alisema divai ya siri hunywewa kwa siri, kwamba mjuzi huitambua kwa pua kwanza, lebo baadaye. Akakata gunia shingoni tu, akazibua, akamimina glasi tatu. Akazungusha. Akachovya pua. Akatangaza kwamba anasikia matunda ya porini na mbao kuukuu.

Mke wangu akainua glasi. Nikapiga kelele asinywe! Wakanigeukia wote wawili. Sikuwa nimepanga la kusema baada ya hapo. Nikasema ina moto. Pua akanikumbusha kwa upole kwamba aliniagiza barafu.

Lakini mke wangu alikuwa ameshaiweka glasi chini. Alikuwa anakitazama kifuko. Akapitisha kidole juu ya mshono, pole pole, mwanzo mpaka mwisho. Miaka mingapi ameketi karibu yangu karakanani akinikatia vitambaa? Mshono wangu anaujua hata gizani. Akanitazama. Nikatazama mchuzi.

Akachukua glasi, akaonja tone, akameza, uso haukubadilika. Kisha akamwomba kaka yake aeleze zaidi kuhusu ladha. Pua akaonja tena kwa kina. Akasema kuna kitu cha bahari humu. Mke wangu akauliza bahari vipi, ya samaki au ya chumvi? Pua akasema chumvi hasa, chumvi ya wazi kabisa, shamba hili lazima liko ufukweni na upepo hupiga moja kwa moja kwenye zabibu.

Hapo mke wangu akacheka! Alianzia puani, akajaribu kujizuia, akashindwa. Akaking'oa kifuko, akamwekea kaka yake lebo mbele ya macho. Pua akasoma. Akasoma tena. Akasema alikuwa anashuku tangu mwanzo. Mke wangu akalalia meza, machozi yanamtoka, mkono ameukandamiza tumboni, na mimi badala ya kufurahi nikashikwa na hofu kwamba kidonda kimeachia. Nikambeba mpaka chumbani.

Nikamwambia anionyeshe. Akakataa. Nikamsihi. Kisha akasema anaona aibu. Akasema kutwa nzima mimi narudisha makochi ya watu kwa sababu ya mshono uliopinda kidogo tu, mafundi wenzangu wananiogopa, nitaingia ndani kwangu nione huu?

Kumbe ndiyo maana ya ukuta. Kumbe ndiyo maana ya mlango. Mimi nilidhani amenichoka.

Akainua gauni. Nikavaa miwani. Sikuweza kumdanganya, angejua. Nikamwambia ukweli kwamba katikati umepinda, na upande wa kushoto daktari amevuta mno. Nikamwambia pia kwamba sijawahi kuona mshono ninaoupenda kama huu, kwa sababu umenirudishia mke wangu, na kwamba daktari yule akiniletea makochi yake yote nitamshonea bure mpaka nife. Nilikusudia kuongeza maneno lakini nikaanza kulia kama mtoto. Akanishika kichwa. Akaniambia nisogee pembeni nisimlowanishe kidonda.

Tulipotoka, Pua alikuwa anaosha vyombo kimya kimya. Nikafungua chupa yangu, ile ya mshono wa kichefuchefu. Haikuwa na lebo inayoeleweka. Pua aliinusa na kwa mara ya kwanza hakusema neno. Mke wangu akanywa glasi yake ndogo, kidogo kidogo, akaimaliza. Akasema ni nzuri. Akaniuliza niliichaguaje. Nikasema ujuzi. Akaniita mpumbavu.

Mpumbavu! Mbele ya shemeji! Sina la kuomba tena duniani.

Jumatatu, 10 Machi

Nimejifunza. Naandika hapa ili nisisahau: mtu mzima anunue kitu chenye lebo, alipe bei yake, aende nyumbani. Mambo ya kubahatisha nimeyaacha rasmi.

Mke wangu ametoka leo kwa miguu yake, mara ya kwanza. Tulikwenda pamoja kwa Mama Duka kununua sabuni tu. Nikiwa nalipa, nikaona karibu na mlango kapu jipya: makopo yasiyo na lebo, yalilowa maji ghalani, robo bei. Nikageuza uso. Nilijikaza kweli kweli. Nilipogeuka kumwita mke wangu twende, alikuwa ameshainama, ameshika kopo sikioni, analitikisa.

Akasema ni nanasi. Nikasema sauti hiyo ni ya maharage, nanasi linatikisika kwa kuteleza. Akasema sijui kitu, sijawahi kujua kitu, hata siku ya harusi nilivaa viatu vya rangi mbili. Mama Duka akatuomba tusogee, tunaziba njia ya watu wa sabuni. Tulibishana njia nzima mpaka nyumbani, na sauti iliyokuwa juu ilikuwa ya kwake.

Tumenunua makopo yote, ni wazi kwamba ukinunua mengi lazima moja liwe la maana. La kwanza tumelifungua jioni hii. Chakula cha paka. La pili, chakula cha paka. Hatuna paka. Mke wangu yuko dirishani sasa hivi anamuuliza jirani kama ana habari ya paka anayetafuta makao, na mimi nimekwisha anza kumpimia kijikochi.