Mifupa ya Diski ya Ushirika

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Ukungu umefika mpaka mlangoni, lakini ndani ya ofisi kuna joto, na joto hilo nimelizoea. Madam Cherop, meneja wa ushirika wetu wa viazi, ametangaza kwamba Jumatatu ijayo kamati itachagua mtu mmoja wa kukaa na kompyuta. Mwingine ataenda stoo kupima magunia. Tuko wawili tu: mimi Kigen, mwenye uzoefu, na Wanyoike, mwenye cheti. Stoo ya viazi huku Kuresoi ina baridi hata nzi hawaingii. Aende Wanyoike. Ana mwili.

Nimeandika mpango mpya wa kumwondoa. Nimeuhifadhi kwenye kompyuta kubwa ya ofisi, ile inayotunza rekodi za wakulima wote, ndani ya folda inayoitwa Picha za Viazi Vilivyooza. Nani atafungua hiyo? Akili ni mali.

Jumanne, 9 Septemba

Balaa ndogo. Nilikuwa nikiongeza aya moja kwenye mpango wangu, nikasikia kiu. Nikachomoa waya mmoja ukutani ili nichomeke birika la chai. Kumbe waya ulikuwa wa kompyuta kubwa. Niliurudisha kabla maji hayajachemka, lakini mashine ilikataa kabisa kufungua diski. Skrini nyeusi, maandishi meupe, basi. Na ndani yake kuna rekodi za msimu mzima, nani alileta magunia mangapi na nani bado.

Madam aliuliza kumetokea nini. Nikamwambia ni stima. Si uongo. Wanyoike akasema stima haikupotea, kwa sababu alikuwa akichaji simu. Huyu kijana anapenda ugomvi.

Chai, hata hivyo, ilikuwa nzuri.

Jumatano, 10 Septemba

Nimempigia simu Gachanja, fundi wa diski aliye Nakuru mjini. Nilijificha nyuma ya choo ili Wanyoike asisikie. Gachanja alinikataza kugusa kitu. Hata diski nisimpelekee. Alisema kuna amri ya kuandika kwenye ile skrini nyeusi, nayo hunakili mifupa tu ya diski: majina ya faili, ukubwa wake, tarehe na saa, na mahali kila moja ilipolala. Nyama inabaki. Akiipata hiyo mifupa ataona palipovunjika, kisha anielekeze namna ya kuunga.

Nilimuuliza mara mbili kama kweli haichukui yaliyoandikwa ndani. "Boss, hata neno moja haitoi," akasema.

Nikapumua. Mipango yangu iko salama.

Alhamisi, 11 Septemba

Amri imekubali! Diski nzima ile, mifupa yake imeenea kwenye flashi ndogo kama kidole. Lakini nilipoitazama, majina yote yalikuwa yamevurugwa, herufi tupu zisizosomeka. Gachanja akasema hiyo ni kawaida. Chombo hufanya hivyo chenyewe ili kumfichia mwenye diski siri zake, na yeye kazi yake haihitaji majina.

Sikupenda. Mtu wa mjini akiona ushirika wetu umeandikwa hivyo atasema Kuresoi hakuna aliyesoma. Nikasoma maelezo ya chombo, nikapata herufi moja ya kuongeza kwenye amri ili majina yabaki yalivyo. Nikarudia kazi. Safi. Kila faili na jina lake.

Wanyoike alichungulia begani kwangu, akaniuliza kama hayo majina nimeyafikiria vizuri. Wivu huo. Nikamwambia jina la faili si faili, nikatuma.

Ijumaa, 12 Septemba

Gachanja amepapata palipovunjika. Alinielekeza kwa simu, hatua kwa hatua, na diski ikafunguka. Rekodi zote zipo! Madam alinishika mkono mbele ya watu. Wanyoike alipiga makofi, pengine kwa shingo upande.

Chuma kikiwa moto ndipo hufuliwa. Nimemwomba Madam amwalike Gachanja Jumatatu, aje na projekta aionyeshe kamati ile mifupa, waone kazi niliyofanya. Madam aliuliza kama kuna haja. Nikasisitiza.

Jumapili, 14 Septemba

Nimetoa shukrani kanisani. Nimemwombea pia Wanyoike. Nimeomba apate jaketi nzito.

Jumatatu, 15 Septemba

Gachanja alifika na projekta, akaitandaza mifupa yote ukutani. Alieleza vizuri sana. Kisha akasema diski ilivunjika mahali palipokuwa pakiandikwa umeme ulipokatika, akapaonyesha kwa kidole. Ni ndani ya Picha za Viazi Vilivyooza.

Mwenyekiti, Mzee Nicodemus, ana macho mabovu. Akaomba asomewe. Gachanja ni mtu mtiifu, akasoma. Kumwondoa Wanyoike. Kumwondoa Wanyoike, Final. Kumwondoa Wanyoike, Final ya Kweli. Visingizio vya Kuchelewa, Vilivyotumika. Visingizio vya Kuchelewa, Vipya. Kifo cha Shangazi Jepleting, Mara ya Pili.

Madam Cherop aliwahi kuniletea kapu la mboga kwa msiba huo.

"Jepleting gani? Huyo nimekunywa chai na yeye jana hapo Keringet," Mzee Nicodemus akasema. "Alikuwa anakohoa kidogo tu."

Nikasimama. Nikawaeleza kitaalamu kwamba chombo hiki hakinakili yaliyomo, kwa hiyo hakuna hapo awezaye kuthibitisha nilichoandika. Gachanja alikubaliana nami kabisa. Madam akasema majina yanamtosha. Kisha akaulizia faili ya Ripoti ya Mwaka, ambayo tangu Juni nimekuwa nikimwambia iko karibu kuisha. Gachanja akasoma ukubwa wake. Sufuri. Nikasema ni fupi.

Hapo walicheka mpaka Mzee Nicodemus akavua miwani kufuta machozi. Wanyoike pia alicheka, tena bila kinyongo, jambo lililoniudhi zaidi. Gachanja akamalizia kwa kusema umeme ulikatika saa nne na dakika tatu, ambayo ni saa yetu ya chai. Madam akalitazama birika kwa muda mrefu.

Hawakunifukuza. Walisema diski nimeiokoa, hata kama niliiokoa kutoka kwangu mwenyewe. Kompyuta ni ya Wanyoike. Mimi ni stoo.

Iliniuma. Naandika ukweli, iliniuma sana.

Jumanne, 16 Septemba

Siku ya kwanza stoo. Baridi kweli. Lakini mambo si mabaya. Mama zetu wanaochambua viazi walinichemshia vichache vya aina ya shangi, na chumvi wakaninyunyizia. Walishasikia habari zote. Wakanipa pole ya shangazi, wakacheka mpaka wakakalia magunia. Nimepima mzigo mzima bila kuchomoa waya wowote. Nadhani nina kipaji na mizani.

Saa ya chai alikuja Wanyoike na jaketi yake nzito. "Vaa tu, bro, ofisini kuko na joto," akasema. Niliivaa. Inanitosha. Ni wazi kwamba ananiogopa.

Jioni nimeandika mpango mpya kwenye simu. Safari hii nimekuwa mwangalifu sana na jina, maana hapo ndipo palipokuwa na kasoro. Nimeuita Huu Si Mpango wa Kurudi Ofisini. Na kwa kuwa simu huibiwa, nimemtumia Wanyoike aniwekee nakala kwenye kompyuta kubwa, katika folda ile ile.

Amenijibu kwamba ameshaiweka.